Jalada Moja Kuanzia Mahojiano Hadi Hukumu: Mwongozo wa Mazoezi kwa Wanafunzi wa Sheria

Mwanafunzi wa sheria anaweza kusoma mamia ya hukumu mpaka akahitimu, bila kuwahi kuketi mbele ya mtu anayeeleza shida yake kwa mara ya kwanza, akirukia jambo moja kabla hajamaliza jingine, akichanganya tarehe na kulificha lile linalomtia aibu. Hukumu anazosomea zimekwisha kuchujwa. Mashahidi wamehojiwa, nyaraka zimepokelewa au kukataliwa, na vurugu yote ya tukio imebanwa katika aya chache ambazo jaji wa rufaa ameziandika ili apate mahali pa kusimamia hoja yake ya kisheria.

Utaratibu huu wa kujifunza kwa hukumu ulipata nguvu katika Chuo Kikuu cha Harvard baada ya Christopher Columbus Langdell kuwa mkuu wa kitivo cha sheria mwaka 1870, na haukukosa wapinzani. Mwaka 1933 Jerome Frank, wakili wa Marekani ambaye baadaye alikuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, aliuliza kwa nini wanasheria wasifundishwe kama madaktari, ambao hujifunza wakiwa karibu na wagonjwa. Jina la kliniki ya sheria, yaani mahali ambapo wanafunzi huhudumia wateja halisi wakisimamiwa, limetokana na mfano huohuo wa udaktari.

Upungufu wa njia ya hukumu unaonekana vizuri katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson la mwaka 1932, linalosomwa katika kila nchi iliyorithi mfumo wa sheria wa Uingereza. Kila mwanafunzi anamkumbuka konokono aliyedaiwa kuwamo katika chupa ya kinywaji. Wachache wanakumbuka kwamba majaji waliamua swali la kisheria kwa kuchukulia tu kwamba madai yalikuwa ya kweli, kwamba baadaye shauri lilimalizwa kwa makubaliano, na kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kuwa konokono huyo alikuwapo. Angekuwa wakili wa mlalamikaji ndiye aliyelazimika kumthibitisha konokono, kazi yake ingeanzia mbali sana na vitabu vya maktaba.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kazi hiyo ya mbali na maktaba. Unapendekeza kwamba kundi dogo la wanafunzi, kwa kusimamiwa na mhadhiri au wakili mwenye uzoefu ikiwezekana, lichukue jalada moja la kubuni na kulibeba kutoka mahojiano ya kwanza na mteja hadi hukumu. Mazoezi ya vipande vipande, leo kuhoji mteja mmoja na kesho kudodosa (yaani kumhoji shahidi wa upande wa pili) katika kesi nyingine, yana faida yake, lakini yanamnyima mwanafunzi somo kubwa kuliko yote, yaani kuona jinsi swali ambalo hakuliuliza siku ya kwanza linavyorudi kumwadhiri siku ya mwisho.

Hatua ya kwanza: kuandaa jalada

Kundi la watu wanane linatosha. Wawili watakuwa mawakili wa mdai, wawili mawakili wa mdaiwa, mmoja mdai, mmoja mdaiwa, mmoja hakimu, na mmoja shahidi ambaye pia atakuwa karani wa kutunza kumbukumbu. Tengeni wiki sita na mikutano miwili kwa wiki.

Jalada liandaliwe na mtu asiye wakili katika zoezi hilo, na liwe la mambo ya kawaida. Wanafunzi wengi hupenda kubuni mauaji au mikataba ya mafuta, kisha wakapoteza wiki nzima wakitafuta sheria wasiyoihitaji. Mgogoro mdogo wa madai unafundisha zaidi. Katika mwongozo huu tutatumia mmoja: mwenye kituo cha mafunzo ya kompyuta amekubaliana kwa mdomo na seremala atengenezewe meza 30, akalipa nusu ya fedha mwanzoni. Meza zimekuja zikiwa zimechelewa wiki mbili. Mwenye kituo anasema amepokea 22 tu, na tano kati ya hizo zinayumba miguu. Kitabu cha kupokelea mizigo kinaonyesha 24. Kuna ujumbe wa simu wa seremala unaosema, "Nitamaliza mwisho wa mwezi," bila kutaja ni mwezi gani.

Thamani ya jalada iko katika siri zake. Mdai apewe karatasi yake peke yake, inayoeleza kwamba katikati ya kazi alimpigia seremala simu akamwambia atumie mbao nyepesi ili gharama ipungue. Mdaiwa naye apewe yake, kwamba sababu halisi ya kuchelewa ni kazi nyingine yenye faida zaidi aliyoipokea. Wote wawili waagizwe kutosema uongo wakiulizwa waziwazi, lakini wasijitolee kueleza. Shahidi ambaye ni mtunza stoo apewe maelezo yake pia, na mawakili wa pande zote wasiyaone mpaka watakapomhoji.

Hatua ya pili: kumhoji mteja

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba anajua kuzungumza na watu. Mjipe saa nzima, na mgawanye majukumu: wakili mmoja aongoze mazungumzo, mwingine aandike na kuangalia kilichosahauliwa.

Anzeni kwa kumweleza mteja mambo matatu kwa maneno mepesi: ninyi ni nani, atakayoyasema yatahifadhiwa vipi, na mazungumzo yatachukua muda gani. Kisha mwacheni aeleze kwa dakika kumi bila kumkatiza hata mara moja. Dakika hizo huwa ndefu sana kwa mwanafunzi, ambaye tayari amesikia neno "mkataba" na akili yake imekimbilia vifungu. Avumilie. Mteja anapoachiwa nafasi hueleza mambo kwa mpangilio wa uzito alionao moyoni, na mpangilio huo wenyewe ni taarifa. Ikiwa mwenye kituo anataja aibu mbele ya wanafunzi wake mara nne na fedha mara moja, wakili ameshajifunza kitu kitakachomsaidia wakati wa majadiliano.

Baada ya simulizi, ulizeni maswali yaliyo wazi, kisha mshuke kwenye maswali finyu ya tarehe, idadi na majina. Chungeni maneno mnayoyachagua, kwa kuwa swali linaweza kuipaka kumbukumbu rangi ambayo haikuwa nayo. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu walionyeshwa filamu za ajali za magari. Waliposikia kitenzi kizito kinachomaanisha kubamizana, walikadiria kasi kwa wastani wa maili 40.5 kwa saa, na waliposikia kitenzi chepesi kinachomaanisha kugusana, wastani ukashuka hadi 31.8. Katika jaribio lao la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, watu 16 kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kizito walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana na kusema hivyo walikuwa 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Wakili anayemuuliza mteja, "Zile meza mbovu ziliharibika lini?" amekwisha kumwekea mteja jibu mdomoni, na siku ya kizimbani jibu hilo litaporomoka.

Siri ya mbao nyepesi haitatoka kwa swali la "Je, kuna jambo lingine?" ambalo mteja hulijibu kwa kutikisa kichwa. Itatoka kwa maswali kama haya mawili: "Baada ya kukubaliana, mliwahi kuzungumza tena kuhusu kazi hii, kwa simu au ana kwa ana?" na "Seremala akisimama mahakamani, ni jambo gani anaweza kulisema ambalo usingependa kulisikia?" Swali la pili liulizwe kwa upole, likitanguliwa na maelezo kwamba wakili anauliza ili asishtukizwe, wala si kwa kumtilia mteja shaka.

Funga kwa muhtasari. Mrudishieni mteja habari yake kwa maneno yenu na mwombeni asahihishe, mpeni orodha ya nyaraka za kuleta, na msimwahidi ushindi. Mwanafunzi aliyezoea kufanya vizuri katika mitihani hupata shida kusema, "Hilo sina jibu lake leo, nitalifanyia kazi," lakini huo ni ustadi kama ustadi mwingine na unahitaji kufanyiwa mazoezi kwa sauti.

Hatua ya tatu: kupanga ukweli kabla ya kufungua sheria

Dokezo la mahojiano liandikwe siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Liwe na sehemu mbili zilizotenganishwa kabisa, moja ya mambo aliyoyasema mteja na nyingine ya mambo ambayo wakili anayadhania. Zikichanganywa, baada ya wiki tatu hakuna atakayekumbuka ni nani aliyesema kwamba seremala "alikusudia" kuchelewa.

Baada ya hapo tengenezeni mpangilio wa matukio kwa tarehe, mkionyesha kila tukio limejulikana kupitia nani au waraka gani. Mpangilio huu unaweza kuonekana kazi ya karani, na kwa maoni yangu ndipo kesi nyingi zinaposhindwa au kushinda. Katika jalada letu ndio utakaoonyesha kwamba ujumbe wa "mwisho wa mwezi" ulitumwa siku mbili baada ya ile simu ya mbao, na kwa hiyo huenda mabadiliko ya mbao ndiyo yaliyosogeza tarehe ya kumaliza.

Kisha chora jedwali lenye safu nne. Safu ya kwanza iorodheshe kila jambo ambalo upande wenu lazima ulithibitishe ili ushinde: kwamba makubaliano yalikuwapo, masharti yake, uvunjaji wake, na hasara iliyotokea. Safu ya pili iseme ushahidi mlio nao, ya tatu ushahidi unaokosekana na mahali unapoweza kupatikana, na ya nne jibu linalotarajiwa kutoka upande wa pili. Jedwali lililojaa safu ya kwanza na kubaki tupu safu ya pili linaeleza hali ya kesi vizuri kuliko insha ya kurasa kumi.

Hatua ya nne: utafiti wa sheria

Hapa wanafunzi wana uzoefu tayari, kwa hiyo itoshe kusema mambo mawili. Utafiti uanze na swali lililoandikwa kwa sentensi moja yenye ukweli wa jalada ndani yake. "Ni ipi sheria ya uvunjaji wa mkataba?" ni mada ya muhula mzima, lakini "Je, mabadiliko ya mali ghafi yaliyokubaliwa kwa simu yanampunguzia fundi wajibu wa muda?" ni swali linaloweza kujibiwa kwa siku mbili.

Jambo la pili ni uthibitisho. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwapo, zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Wekeni kanuni kwamba kila uamuzi unaotajwa katika jalada umesomwa wote na mtu mmoja kwenye chanzo chake, na mtu wa pili ametia saini kuthibitisha kwamba unasema kile kinachodaiwa na kwamba haujatenguliwa.

Hatua ya tano: kuandika barua na hati

Mawakili wa mdai waanze na barua ya madai ya ukurasa mmoja. Ieleze makubaliano, kasoro, kinachodaiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, basi. Zoezi zuri ni kufuta kila kivumishi na kila neno la hasira, halafu kuangalia kama barua imepoteza chochote. Mara nyingi huongeza nguvu. Angalieni pia mitego ya siri mliyoigundua: anayeandika kwamba seremala alitumia "mbao zisizofaa" huku akijua kuwa mteja wake ndiye aliyeziomba, amempa upande wa pili silaha, na zaidi ya hayo amelichezea jina lake mwenyewe.

Hati ya madai ifuate, kwa aya zenye namba, kila aya ikibeba jambo moja. Kosa la kawaida ni kurundika mambo manne katika aya moja, kiasi kwamba mdaiwa anaweza kuikanusha yote kwa kukanusha robo yake. Upande wa utetezi ujibu aya kwa aya, ukikubali, ukikanusha, au ukisema kwamba jambo hilo haulijui na mdai athibitishe. Wakati wa kubadilishana hati, kila upande uisome hati ya mwenzake kwa sauti mbele ya kundi zima. Sentensi inayomwishia msomaji pumzi inajulikana hapo bila mtu kuisahihisha.

Hatua ya sita: majadiliano

Kabla ya kukutana, kila upande upate maagizo ya maandishi kutoka kwa mteja wake: anachotaka, anachoweza kukiachia, na mpaka ambao wakili hana ruhusa ya kuuvuka bila kurudi kwake. Wakili akisahau kwamba uamuzi wa kupatana ni wa mteja, zoezi lisimame na lianzishwe upya.

Wanafunzi wengi hukimbilia kutajiana kiasi cha fedha na kukutana katikati. Waulizwe kwanza kila upande unahitaji nini zaidi ya fedha. Mwenye kituo anahitaji meza kabla masomo hayajaanza. Seremala anahitaji nusu ya malipo iliyobaki na anaogopa kuharibiwa jina. Kutokana na mahitaji hayo inaweza kupatikana suluhu ambayo mahakama yenyewe isingeitoa, kwa mfano seremala kurekebisha meza tano na kukamilisha zilizobaki kwa tarehe maalumu, huku akilipwa kwa awamu kadiri anavyokabidhi. Kama suluhu imepatikana, iandikwe hapohapo kwa mkono na kutiwa saini kabla watu hawajainuka. Dakika kumi za kuandika hufichua kutoelewana ambako saa mbili za kuzungumza zilikuwa zimekufunika. Kwa ajili ya kuendelea na mazoezi, chukulieni kwamba seremala hakutimiza na shauri linasikilizwa.

Hatua ya saba: jaribio la maadili

Siku moja kabla ya usikilizaji, mdai aagizwe kwa siri kumwambia wakili wake: "Ile simu ya mbao tusiitaje. Nikiulizwa nitasema sikumbuki." Wakili asipewe taarifa kwamba jambo hili linakuja.

Wakili anawajibika kutunza siri za mteja wake, na wakati huohuo hawezi kumsaidia kusema uongo mbele ya mahakama. Wajibu hizo mbili zinasomwa darasani katika mihadhara tofauti. Hapa zinakutana katika chumba kimoja, mteja akiwa anasubiri jibu. Kundi lijadili baadaye alichosema wakili, neno kwa neno. Je, alimweleza mteja hatari ya kudodoswa kuhusu simu hiyo, ambayo seremala anaijua? Je, alieleza kwamba kutojitolea habari si sawa na kuidanganya mahakama? Je, alisema atafanya nini mteja akishikilia msimamo wake? Hapohapo kundi litofautishe kumwandaa shahidi, ambako ni kumkumbusha nyaraka zake na kumzoesha utaratibu, na kumfundisha maneno ya kusema, jambo ambalo ni kosa. Kanuni za kina hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo zisomwe kanuni za maadili ya mawakili za nchi husika kifungu kwa kifungu.

Hatua ya nane: kusikiliza shauri

Mashindano ya mahakama ya mfano yana heshima kubwa duniani. Lile la Jessup la sheria ya kimataifa lilianza mwaka 1960, na lile la haki za binadamu barani Afrika, linaloratibiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, lilianza mwaka 1992. Anayepata nafasi asiikose. Hata hivyo, mashindano ya aina hiyo kwa kawaida huwapa washiriki ukweli uliokwisha kukubaliwa na kuwataka wabishanie sheria. Katika jalada letu ukweli wenyewe ndio unaobishaniwa, kwa hiyo lazima mashahidi wapande kizimbani.

Kumhoji shahidi wa upande wenu kunahitaji maswali mafupi yanayoanza na nani, nini, lini, wapi na vipi, ili shahidi ndiye asikike na wakili asahaulike. Maswali yanayobeba jibu ndani yake yasitumike hapa kwa mambo yanayobishaniwa. Vielelezo vipewe utaratibu wake na urudiwe mpaka uzoeleke: upande wa pili uonyeshwe waraka, shahidi autambue na aeleze anavyoufahamu, wakili aombe upokelewe, na usisomwe mahakamani kabla haujapokelewa.

Kudodosa ni kinyume chake. Kila swali libebe jambo moja tu, liwe ni kauli ambayo shahidi atalazimika kuikubali au kuikataa, na wakili awe anajua jibu kabla hajaliuliza. Mtazameni wakili wa seremala akimdodosa mtunza stoo:

"Kitabu cha kupokelea mizigo unakijaza wewe mwenyewe?"
"Ndiyo."
"Siku hiyo ulikijaza meza zikiwa bado mbele yako?"
"Ndiyo."
"Na uliandika meza 24?"
"Ndiyo."

Hapo aketi. Karibu kila mwanafunzi ataongeza swali moja la ushindi: "Sasa kwa nini leo unaiambia mahakama ni 22?" Na mtunza stoo, kwa mujibu wa maelezo aliyopewa tangu mwanzo, atajibu: "Kwa sababu mbili zilivunjika miguu wakati wa kuzishusha, dereva akaondoka nazo, na nilikuwa nimekwisha kuandika." Wakili wa mdai aliye macho angeitoa habari hiyo mwenyewe wakati wa kumhoji shahidi upya, lakini amepunguziwa kazi.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza mkumbuke pia kanuni ya shauri la Browne dhidi ya Dunn la mwaka 1893, kwamba anayekusudia kumpinga shahidi kwa ushahidi mwingine anapaswa kumwekea shahidi huyo jambo hilo mbele yake, apate nafasi ya kulijibu. Wakili wa seremala asiyemuuliza mdai kuhusu ile simu hatakuwa na uso wa kuizungumzia baadaye. Mahali ambapo jaji ndiye anayeongoza kuhoji mashahidi, mawakili waandae orodha ya maswali ya kumpendekezea jaji, na kipimo ni kilekile cha jambo moja kwa swali moja.

Anayekaa kwenye kiti cha hakimu asidhani amepewa kazi ya kupumzika. Ndani ya saa 48 aandike hukumu ya kurasa mbili inayotaja mambo yanayobishaniwa, ushahidi aliouamini na sababu za kuuamini, na kuonyesha kama mdai amethibitisha madai yake kwa kiwango cha mizania ya uwezekano, yaani kwamba madai yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Wanafunzi waliowahi kushika nafasi hiyo hurudi kwenye uwakili wakiwa na huruma kubwa kwa hakimu na maneno machache zaidi.

Hatua ya tisa: mrejesho

Sifa za jumla kama "umejitahidi sana" hazimfundishi mtu chochote. Tumieni utaratibu unaohusishwa na George Hampel, aliyekuwa jaji nchini Australia, ambao unatumika sana katika kufundisha uendeshaji wa mashauri. Mtoa mrejesho huchagua jambo moja na kulitaja kwa sentensi fupi, humrudishia mhusika maneno yake kama alivyoyasema, hueleza kwa nini ni tatizo, hutoa dawa, huonyesha kwa vitendo, kisha mhusika hurudia palepale. Kwa mfano: "Nitazungumzia maswali yenye mambo mawili. Uliuliza, 'Ulimpigia simu na ukakubali kuchelewa?' Shahidi akijibu ndiyo, hatujui amekubali lipi. Yagawe." Karani anayeandika maneno kama yalivyotamkwa ni muhimu hapa, na rekodi ya simu ni bora zaidi, ingawa wengi huchukia kujitazama.

Hatua ya kumi: kwenda kwa wateja halisi

Jalada la kubuni likishafungwa, ombeni nafasi katika kliniki ya sheria ya chuo, shirika la msaada wa kisheria au ofisi ya mawakili. Tafuteni kwanza sheria ya nchi inamruhusu mwanafunzi kufanya nini, kwa sababu mahali pengi hawezi kusimama mahakamani wala kutoa ushauri kwa jina lake, na kila barua lazima ipitiwe na wakili anayemsimamia. Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu wajibu wa mawakili, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inazitaka serikali, vyama vya mawakili na taasisi za elimu zihakikishe kwamba mawakili wanapata mafunzo yanayofaa na kufahamu maadili ya kazi yao, kwa hiyo mwanafunzi anayeomba kusimamiwa vizuri haombi fadhila.

Mambo machache yasivunjwe. Kabla ya kumsikiliza mteja, hakikisheni ofisi haijawahi kumhudumia mpinzani wake. Chukueni nakala za nyaraka na kumwachia mteja zile halisi, isipokuwa msimamizi ameagiza vingine na stakabadhi imetolewa. Majina ya wateja yasitajwe katika makundi ya simu, hata kwa nia ya kuomba msaada. Siku za kwenda kutazama mahakama, kila mmoja aende na karatasi yenye jambo moja tu la kuangalia, kama vile jinsi mawakili wanavyopinga maswali au jinsi hakimu anavyotoa sababu za amri ndogo. Anayekwenda kutazama kila kitu hurudi na picha ya majoho tu.

Baada ya miezi mitatu ya kliniki, lifungueni upya jalada la meza 30 mkiwa mmebadilishana pande, na hati mlizoziandika wenyewe zipewe upande wa pili uzijibu.